Mzigo na Neno: Vita vya Karne ya Ishirini katika Milima ya Upare na katika Msamiati wa Kiswahili



1. Utangulizi

Methali isemayo "Wapiganapo tembo nyasi huumia" hutajwa aghalabu kila vita vya mataifa makubwa vinapojadiliwa katika Afrika ya Mashariki. Ni methali ya kweli, lakini ina upungufu mmoja: nyasi hazisemi. Watu waliokanyagwa na vita vya karne ya ishirini walisema. Waliyapa majina mambo yaliyowafika, na majina hayo yamo katika Kiswahili hadi leo, hata katika vinywa vya watu wasiojua yalikotoka.

Mhadhara huu unachunguza majina hayo kwa kuanzia mahali pamoja, yaani Same na Milima ya Upare, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Hoja yake ni hii. Vita vya kisasa vilipowafikia watu vikiwa mzigo mabegani, kodi mfukoni na safari miguuni, lugha ilivitafuna na kuvimeng'enya. Maneno yake yakawa mali ya wasemaji, wakayatumia watakavyo. Silaha ya nyuklia, ambayo ndiyo iliyotawala hofu ya nusu ya pili ya karne hiyo, ilifika kwa njia nyingine. Ilifika ikiwa habari, na jina lake likapokewa likiwa limekwisha kutengenezwa kwingine. Tofauti hiyo si ya msamiati peke yake. Ni tofauti ya uwezo wa watu kulishauri jambo linalowahusu.

2. Mei 1916: vita vilivyopita kwa miguu

Upare haukuwa uwanja wa mapigano makubwa ya Vita Kuu ya Kwanza. Mapigano yaliyoandikwa sana ni ya Tanga, Novemba 1914, na ya mpakani karibu na Taveta, Machi 1916. Lakini kati ya Tanga na Moshi ilipita reli ya Wajerumani, iliyofika Moshi mwaka 1911, nayo ilifuata tambarare iliyo chini ya Milima ya Usambara na ya Upare. Aliyeitaka reli hiyo hakuwa na budi kupita miguuni mwa Wapare.

Mwezi Machi 1916, huko Kahe, kaskazini tu mwa Upare, Wajerumani walitumia mzinga wa manowari yao Königsberg. Meli hiyo ilikuwa imeangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, na mizinga yake kumi ikaopolewa na kupelekwa bara. Silaha iliyoundwa kwa ajili ya bahari ilikuwa sasa inanguruma chini ya Kilimanjaro. Hapo ndipo vita vya viwanda vilipojidhihirisha kwa wenyeji wa kaskazini: chombo kilichotengenezwa Ulaya kwa chuma cha Ulaya, lakini kilichofika mahali pale kwa nguvu za mikono ya Waafrika.

Mwezi Mei majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalianza kuteremka kutoka Kahe. Safu moja ilifuata Mto Pangani, nyingine ilifuata reli, na ya tatu ilitoka Mbuyuni ikapitia pengo la Ngulu, lililo kati ya Upare Kaskazini na Upare Kusini. Kufikia mwisho wa mwezi majeshi hayo yalikuwa yamepita Same na kuingia Buiko. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walibomoa madaraja na kung'oa reli. Kwa hiyo jeshi lililokuja kuitwaa reli lilijikuta likitembea kando ya reli isiyofaa kitu.

Ndipo mzigo ulipomwangukia binadamu. Mbung'o waliua farasi na maksai. Magari yalikwama matopeni. Kilichobaki ni bega la mtu. Hesabu ya mzigo huo ni ya kutisha. Mpagazi achukuaye kilo 25 za chakula, naye akila kilo moja kwa siku, akienda siku kumi na kurudi siku kumi, huwa amekula kilo 20 njiani. Askari aliye mbele hupata kilo tano tu. Kila jeshi liliposonga mbele, wapagazi walihitaji wapagazi wengine wa kuwalisha. Ndiyo maana idadi ya walioandikishwa na Waingereza katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki hukadiriwa kufikia watu takriban milioni moja, na waliohesabiwa kuwa walikufa hukadiriwa kufikia 95,000 hivi, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kisha, mwaka 1918, ukaja ugonjwa wa mafua makali ukifuata njia zilezile walizopita majeshi na wapagazi.

Vita hivyo viligusa pia taaluma ya lugha. Mmisionari Ernst Kotz alikuwa amechapisha sarufi ya Chasu mjini Berlin mwaka 1909, na Agano Jipya katika lugha hiyo likachapishwa mwaka 1922. Kati ya miaka hiyo miwili utawala ulibadilika na wamisionari wa Kijerumani wakatiwa kizuizini. Jeshi, mahakama na ofisi za utawala mpya ziliendelea kukitegemea Kiswahili, nayo Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, kazi yake ilikuwa kusanifisha Kiswahili. Kamusi kubwa ya Chasu, iliyotungwa na Abel Mreta katika Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 2008. Kwa hiyo mtafiti atafutaye kumbukumbu ya vita katika lugha hana budi kutazama zaidi katika Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha ya safari.

3. Maneno yaliyobebwa

Neno lijulikanalo kuliko yote ni Kariakoo. Asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambalo wasemaji walilitohoa kwa kufuata silabi za Kiswahili, kila konsonanti ikapata irabu yake. Dar es Salaam, kambi ya wapagazi ilikuwa mahali palipo soko la leo. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina la asili hiyohiyo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Kiswahili kilikuwa tayari na neno mpagazi. Neno hilo ni la enzi ya misafara, na misafara ya karne ya kumi na tisa iliyotoka Pangani kwenda Uchagga ilipita njia hiyohiyo ya Upare. Mbona basi neno jipya likatafutwa?

Jibu liko katika maana. Mpagazi wa msafara alipatana ujira. Mtu wa Kariakoo aliandikishwa, akapewa namba, wala hakujua atarudi lini. Kitenzi pagaa maana yake ni kuchukua mzigo begani, na kauli yake ya kutendwa, pagawa, hutumika kwa mtu aliyeshikwa na pepo. Vita vilitenganisha maana hizo kwa namna ya ajabu: mchukuzi wa zamani aliupagaa mzigo, ilhali huyu wa 1916 alipagawa na vita vyenyewe. Wasemaji hawakutaka kuvichanganya vitu viwili hivi, wakakipa kila kimoja jina lake.

Mjini Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini mtu aliyesimama juu ya jiwe ni askari mwenye bunduki. Mpagazi hana sanamu pale. Kumbukumbu yake ni jina la soko, linalotajwa kila siku na makondakta wa daladala. Lugha ilifanya kazi ambayo shaba haikufanya.

Njia ya pili ya kuvipa jina vita ilikuwa upanuzi wa maana. Mzinga ni gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, linalotundikwa mtini. Ni pia silaha inayofyatua makombora. Maana hii ya pili ilikuwapo kabla ya karne ya ishirini, lakini karne hiyo iliieneza hadi vijijini. Leo mizinga 21 hupigwa kwa heshima ya mkuu wa nchi, na vijana wa mjini husema wamepigwa mzinga pale jamaa anapowaomba fedha ghafla. Bomu nalo, neno lenye asili ya Kireno, limekuwa sifa ya kitu kibovu au mtu asiyefaa. Ndege ni kiumbe chenye mabawa na ni chombo cha angani. Ndege za kijeshi ziliruka juu ya tambarare za kaskazini mwaka 1916, miaka kumi na mitatu tu tangu chombo cha namna hiyo kilipoinuka ardhini kwa mara ya kwanza nchini Marekani. Afande alitoka Uturuki kwa kupitia Misri na Sudani, kuruta akatoka Kiingereza. Wote wawili sasa wana ngeli yao na hawaonekani kuwa wageni.

Mfano unaoihusu Same kwa namna ya pekee ni kifaru. Jina la mnyama lilipewa gari la deraya lenye mzinga na minyororo, kwa kufananisha ngozi nene, uzito na mbio za kwenda mbele bila kugeuka. Nje tu ya mji wa Same ipo Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na kupandishwa hadhi mwaka 2008. Kifaru mweusi alikuwa mwenyeji wa nyika hiyo. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili wenye bunduki za kivita walimmaliza, na ilibidi kuanzia mwaka 1997 waletwe vifaru kutoka Afrika Kusini ili kizazi kianze upya ndani ya uzio. Karne ya ishirini iliazima jina la mnyama kwa ajili ya silaha, kisha silaha ikakaribia kumwacha mnyama akiwa jina tu.

4. Same, 1945: neno lililogeuzwa

Vita Kuu ya Pili viliwachukua Watanganyika zaidi ya 80,000 jeshini. Askari wa Keya, kama kikosi cha King's African Rifles kilivyoitwa, walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma, na Kiswahili cha kambini kikawa lugha yao ya pamoja. Lakini hata aliyebaki nyumbani alikuwa vitani. Wajapani walipoitwaa Ufilipino na visiwa vya Indonesia, mkonge wa Tanganyika ukawa malighafi ya vita, na serikali ya kikoloni ikawaandikisha watu kwa lazima kwenda mashambani. Bei zilipanda, bidhaa zikaadimika, na serikali ikatafuta mapato.

Katika hali hiyo ndipo ilipoanzishwa Upare kodi mpya iliyokadiriwa kwa kufuata mali ya mtu. Watawala waliipa jina la mbiru. Neno hilo lilikuwa la kale: lilitaja ushuru uliotolewa kwa watemi wa Upare, na kwa kulitumia walitumaini kuifanya kodi ngeni ionekane ya kienyeji. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeiandikia tukio hili kitabu mwaka 1971, ameonyesha jinsi hila hiyo ilivyoshindwa. Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani wakaenda Same, makao ya wilaya, wakakaa huko kwa zamu wakidai kodi hiyo iondolewe. Hawakushika silaha. Wanawake wa Usangi nao waliandamana na kumkabili mkuu wa wilaya, wakimtaka awarudishie waume zao. Baada ya mvutano wa muda mrefu kodi hiyo ilifutwa.

Kwa mwanaisimu, lililo kubwa hapa ni safari ya neno. Mbiru ilianza ikiwa ushuru wa mtemi, ikachukuliwa na serikali kuwa jina la kodi, kisha ikanyang'anywa na watu kuwa jina la upinzani wao. Leo atajaye Mbiru hataji kodi. Anataja watu waliokataa. Walichoweza kukipinga kwa lugha yao wenyewe, waliweza kukipinga kwa miguu yao. Kama kodi ile ingeletwa kwa jina la kigeni lisiloeleweka, yamkini ingechukua muda mrefu zaidi kujua ni nini hasa kinachokataliwa.

5. Agosti 1945: neno lililopokewa

Mwaka uleule wa Mbiru, tarehe 6 na 9 Agosti, miji ya Hiroshima na Nagasaki iliteketezwa. Vita vya Japani, ambavyo askari wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamevipigana katika misitu ya Burma, vilikwisha kwa silaha ambayo hawakuwahi kuiona wala kuichukua. Katika Kiswahili iliitwa bomu la atomiki, baadaye bomu la nyuklia. Nusu ya jina ni bomu, neno lililokwisha kuzoeleka. Nusu ya pili ni ngeni. Msikilizaji aliambiwa kwamba ni bomu kama mengine, ila lina sifa asiyoielewa. Lakini hicho hasa ndicho kilichokuwa si kweli. Bomu la kawaida hukoma lilipolipukia. Hili huendelea kuua ndani ya mwili wa aliyenusurika kwa miaka.

Hapa kuna jambo lisilotajwa vya kutosha katika madarasa ya Kiswahili. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kuunda silaha hizo ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940 tani 1,200 hivi za mawe yake zilikuwa zimekwisha kusafirishwa hadi New York. Katanga ni nchi ya Kiswahili; Johannes Fabian, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986, ameeleza jinsi Kiswahili kilivyofanywa kuwa lugha ya kazi katika migodi na miji yake. Kwa maneno mengine, wachimbaji wa madini yale waliamriwa na kuhesabiwa katika lugha hii. Silaha ya nyuklia haikuwa mbali na Kiswahili. Kiswahili kilikuwapo shimoni ilipochimbwa, lakini hakikuambiwa kinachochimbwa ni nini.

Hiyo ndiyo tofauti ya kimsingi kati ya 1916 na 1945. Mpagazi aliijua silaha kwa uzito wake, akaipa jina. Mchimbaji wa Shinkolobwe alichukua mzigo mzito kuliko mizinga yote ya Königsberg, na hakupewa nafasi ya kuupa jina, kwa kuwa siri ilikuwa sehemu ya silaha yenyewe.

6. Neno na shauri

Isidhaniwe kwamba wasemaji wa Kiswahili walinyamaza. Ufaransa ilipolipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara, tarehe 13 Februari 1960, Waafrika wengi walipinga. Tarehe 22 Mei 1984 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa viongozi sita, pamoja na wa Argentina, India, Mexico, Sweden na Ugiriki, waliotoa wito wa pamoja kuyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasitishe mashindano yao. Kwa nchi iliyokuwa mstari wa mbele wa ukombozi hilo halikuwa jambo la mbali: mwaka 1993 Afrika Kusini ilikiri kwamba utawala wa makaburu ulikuwa umeunda mabomu sita ya nyuklia, ambayo yalikuwa yamekwisha kufumuliwa. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha hizo, ulifunguliwa kutiwa sahihi mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa tarehe 7 Julai 2017, na Tanzania iliutia sahihi mwaka 2019.

Tarehe 7 Julai ndiyo siku TANU ilipoasisiwa mwaka 1954, na kwa uamuzi wa UNESCO wa mwaka 2021 ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani. Ni sadfa tu, lakini sadfa yenye swali ndani yake. Kiswahili si miongoni mwa lugha za matini rasmi za mikataba hiyo miwili. Mwananchi wa Same au wa Namtumbo, wilaya yenye mradi wa urani wa Mto Mkuju, akitaka kujua nchi yake imeahidi nini, ataanza kwa kutafuta mfasiri.

Kazi ya istilahi imefanyika kwa kiasi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, na neno mionzi limekubalika. Neno hilo ni mfano mzuri. Mwonzi ulikuwa mshale wa nuru ya jua. Sasa mionzi ni tiba inayotolewa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na ni madhara yanayoogopwa karibu na mgodi. Mgonjwa na mchimbaji wanaweza kulitumia neno moja, wakauliza ni kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinadhuru. Neno lililotoka ndani ya lugha humpa mtu mahali pa kuanzia swali. Hilo urani na nyuklia bado hayajalifanya, si kwa sababu ni ya kutoholewa, maana Kariakoo nalo limetoholewa, bali kwa sababu hayajapita katika mazungumzo ya watu wanaohusika.

7. Hitimisho

Upare umekipa Kiswahili neno jingine linalostahili kutajwa mwishoni: msaragambo, kazi ya pamoja ambayo wanajumuiya huitana kuifanya, kama vile kusafisha mifereji na kukarabati ndiva, mabwawa ya kuhifadhia maji ya kumwagilia. Msaragambo na Kariakoo yote mawili ni majina ya watu wengi wanaofanya kazi pamoja. Moja ni la watu walioitana. Jingine ni la watu waliokamatwa. Karne ya ishirini ilileta la pili kwa wingi, lakini haikuliua la kwanza.

Istilahi za nyuklia zinahitaji msaragambo wa namna hiyo. Hazitaundwa na mtaalamu mmoja ofisini, bali na mwanafizikia, mwanaisimu, muuguzi, mwalimu wa kijiji na mkazi wa Namtumbo wakikaa pamoja, matini za mikataba zikiwa mbele yao katika Kiswahili. Wapare wa 1945 walijua walichokikataa kwa sababu walikuwa na jina lake. Kizazi cha leo kina haki ya kujua anachokubali au kukataa kwa uwazi uleule, na wajibu wa kwanza wa idara za Kiswahili katika jambo hili ni kukipa maneno ya kuulizia.